Ndani ya Saa Mbili

Kwa hesabu ya Afande, nyumba yake pale Sakina ilikuwa seksheni pungufu: yeye, mkewe, na watoto wanne. Sisi wapangaji wa vyumba vya uani tulikuwa "walioambatishwa kwa muda", jina ambalo alisema jeshini hupewa mafundi na waganga wanaopita. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani. Niliambatishwa kwa muda, nikakaa miaka tisa.

Alizaliwa lini sijui, na ukoo wao sikuwahi kuuliza. Nilimkuta ameshastaafu, sajenti wa askari wa miguu, na mtaa mzima ukimwita Afande, kuanzia mchungaji hadi mafundi wa gereji waliokuwa hawamheshimu mtu. Nitasema ninayoyajua. Mengine nayajua kuliko ninavyopenda.

Nyumba ile iliendeshwa ngazi kwa ngazi. Mtoto akitaka kwenda mazoezi ya kwaya, alimwomba Ndeshi, kifungua mimba, ambaye ndiye alikuwa kamanda wa seksheni. Ndeshi alimfikishia mama yake. Mama Ndeshi alimfikishia Afande, Afande akaamua, na uamuzi ukashuka kwa njia ile ile ombi liliyopandia. Siku moja nilimwona kitinda mimba amesimama mbele ya baba yake, hatua mbili tu, na baba mtu akamwambia mkewe, "Mwambie Ndeshi amwambie huyu aende." Mtoto alibaki amesimama pale pale mpaka Ndeshi alipotoka jikoni, mikono ina unga, akamwambia nenda. Nilicheka mpaka nikaona haya.

"Cheka tu, Mwalimu," Mama Ndeshi aliniambia. "Mimi niliolewa na mtu mmoja. Hawa wengine wa juu na wa chini sikuwaona siku ya harusi."

Mama Ndeshi alikuwa mtu wa Ngaramtoni, mwenye maneno machache na makali, na aliyetembea kwa haraka hata alipokuwa hana pa kwenda. Nilimuuliza kwa nini anayakubali mambo yale. Akasema, "Nikikataa ataniuliza nani mwingine atashika platuni. Na kweli hakuna."

Usidhani Afande alikuwa mtu wa kufoka. Sauti yake ilikuwa ya chini, ukiwa mbali ungedhani anasali. Buti zake aliziuza mwezi wa kwanza wa kustaafu, na tangu hapo alivaa kandambili, hata kanisani, hata kwenye matope ya masika. Mashati yake alifua na kupiga pasi mwenyewe, pasi ya mkaa, akiipuliza kwa upande ili majivu yasiruke kwenye ukosi. Bunduki hakutaka hata kuitaja. Panga la nyumbani alilipeleka kwa jirani, na kila walipotaka kufyeka majani walikwenda kuliazima panga lao wenyewe.

Mbele ya nyumba alipanda maua, aina moja tu, yale ya njano yanayonuka, katika mistari mitatu iliyonyooka kama rula. Shina likifa hakuweka jingine. Aliacha wazi. Nilimwambia pengo lile linaharibu bustani. "Nafasi ya asiyekuwepo haijazwi mpaka itangazwe, Mwalimu," akanijibu. Nikamuuliza nani atatangaza kifo cha ua. Hakucheka. Mzaha ulimpita mara nyingi, na mimi nilikuwa mtu wa mizaha, kwa hiyo tulikaa miaka tisa tukipishana namna hiyo.

Alilia kwa urahisi. Kwaya ikiimba, kabla ya ubeti wa pili alishatoa leso. Lakini siku fundi mmoja mlevi alipokuja kumtukana mbele ya wanawe, kisa gari lililozuia njia, Afande alisimama mguu sawa, macho mbele, mikono ubavuni, mpaka mlevi akachoka akaondoka. Robo saa nzima. Kisha akasema "legeza", akijiambia mwenyewe, akaingia ndani kunywa chai.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipofunguliwa. Barabara ya Nairobi ilijaa mitumba, sabuni za ng'ambo, redio, baiskeli za kila rangi. Kila mwenye miguu alikwenda Namanga akarudi na mzigo. Vijana wakakimbilia Mererani kutafuta mawe. Kila kitu ruksa, watu waliambiana, wakicheka, hata mambo ambayo hayajawahi kukatazwa. Afande aliketi kwenye kigoda chake barazani akiwatazama wanavyopita. "Ruksa," alisema siku moja, kwa ile sauti ya sala. "Nani amesaini?"

Nilimwalika darasani kwangu, darasa la sita, awaeleze watoto jeshi la nchi linavyokwenda. Alikuja shati limenyooka, kandambili zimesuguliwa. Aliwatoa wote nje, akawapanga kwenye uwanja. Kumi hapa, hii ni seksheni, mkubwa wenu koplo. Seksheni tatu, hii ni platuni, ina luteni, na sajenti wa kumsaidia luteni asipotee. Platuni tatu zinafanya kombania, ya kapteni, mara nyingine meja. Kombania kadhaa ni kikosi. Vikosi kadhaa ni brigedi, na huko ndiko anakokaa brigedia. Watoto walipokwisha, brigedi ikawa mti, kikosi kikawa choo cha walimu.

Kisha akawafanya wapeleke habari. Mtoto wa mwisho wa mstari alipaswa kuomba maji, ombi likapita kwa koplo wake, kwa luteni, mpaka kwa kapteni, msichana mmoja mrefu aliyesimama karibu na bomba. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Ilichukua dakika nyingi. Mtoto wa mwisho alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye bomba.

"Nani mkubwa jeshini?" Afande akauliza.

"Mwenye bunduki."

"Mwenye nyota nyingi."

"Mkubwa ni yule mmoja aliye juu yako," alisema. "Wengine wote unawapigia saluti, lakini amri yako haitoki kwao. Na mjue, wanaopigana ni wachache. Wengi wanapika, wanabeba, wanaandika, wanafunga majeraha, wanatengeneza magari. Ukimwondoa mpishi, kombania inakufa siku ya tatu. Ukimwondoa brigedia, watu wanajua baada ya mwezi."

Watoto walicheka. Mmoja akanyoosha mkono. "Na yule mmoja wa juu yako akifa?"

"Anayemfuata anashika."

"Na wote wakifa? Au wakisahau kwamba upo?"

Afande aliutazama Mlima Meru. "Unasubiri," akasema.

Jioni ile nilisahihisha madaftari ya insha juu ya ziara yake. Nina tabia moja kazini, na wanafunzi wangu wote watakwambia: mtoto nikimrudishia daftari akalitumbukiza mkobani bila kufungua kuona alipokosea, nilimsimamisha mbele ya darasa. Makosa nasamehe. Kutofungua sisamehi. Niliwasimamisha wengi mwaka ule.

Sasa niseme juu ya kamba iliyomfunga. Siku aliyokabidhi vifaa vya jeshi, karani alimpa fomu ya kuandika atakapokaa. Akaandika Sakina. Karani akamwambia maneno aliyowaambia wote waliopanga foleni siku ile: sasa wewe ni wa akiba, usiondoke kwenye anuani hii bila kuomba na kujibiwa, na ukihitajika upatikane ndani ya saa mbili. Wenzake walisaini, wakapanda mabasi, wakaenda makwao, Songea, Tabora, Musoma. Afande alirudi Sakina akavaa saa.

Alipima kwa miguu, maana gari huharibika. Upande wa Nairobi saa mbili zilimfikisha soko la Ngaramtoni, asipite hapo. Upande wa mjini zilimfikisha kwenye daraja moja njia ya Moshi, baada ya kuvuka mji. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yake. Nyuma ya mlango wa sebuleni ulining'inia mkoba wa turubai: mashati mawili, sahani, kijiko, sabuni, kitabu cha nyimbo. Kila Jumamosi aliufungua akaukagua. Mama Ndeshi alikuwa akiiba sabuni ile katikati ya wiki na kurudisha nyingine Ijumaa, na sidhani kama mumewe hakujua.

Mwenzake mmoja alimtembelea, mtu mnene mchangamfu, akasikia habari ya saa mbili akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndugu yangu, sisi sote tuliambiwa hivyo. Mimi maneno yale niliyaacha pale pale mezani kwa karani."

"Uliarifu?" Afande akamuuliza.

"Nimwarifu nani? Kombania yetu yenyewe imehamishwa, sijui iko wapi."

"Basi hujaruhusiwa," Afande akasema, akamwongezea chai.

Mama yake mzazi alikaa upande wa pili wa Meru, juu huko ukishapita Momela, safari ya nusu siku kwa basi kama barabara imekubali. Wajukuu walimwita Koko, yaani bibi, na mtaa mzima nao ukamwita Koko. Kutoka Sakina mlima unauona mzima. Koko alituambia kwamba wao kule wanauona umepasuka, tumbo wazi, na kilima kingine cheusi ndani yake. Alikuja Sakina mara tatu katika miaka yangu, na ndizi na maziwa mgando, akaketi karibu na mwanawe bila kuongea sana, akimshika mkono kama anampima joto. Kisha miguu yake ikakataa safari. Tangu hapo ni Mama Ndeshi aliyepanda basi kwenda kumwona, na kila aliporudi alisema neno moja tu mbele ya mumewe: "Anakuuliza."

Naye Afande aliandika. Kila baada ya miezi michache, karatasi yenye mistari, mwandiko wa kulala: Yahusu ombi la ruhusa ya siku tatu kwenda kumjulia hali mama mzazi. Kwa kamanda wa kombania, kupitia kwa kamanda wa platuni. Alinipa nimkagulie herufi, na sikuwahi kupata kosa. Akapeleka posta mwenyewe. Majibu hayakuja, na nani angejibu, ikiwa kombania yenyewe haikuwa tena pale alipoiacha?

"Afande," nilimwambia, "usipojibiwa si ndiyo kusema nenda? Sisi walimu tukiandika barua mara tatu bila jibu tunafanya."

Siku hiyo alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi juu ya kigae.

"Uganda," akasema, "niliwekwa pamoja na watu wangu kwenye migomba. Tukaambiwa subirini hapa, mtapewa amri. Tukasubiri asubuhi, tukasubiri mchana. Maji yakaisha. Nikaona wametusahau. Nikawaruhusu wawili waende kuchota bondeni." Alinyoosha mkono wa shati, ingawa ulikuwa umeshanyooka. "Amri ilikuja, Mwalimu. Dakika kumi baadaye. Ilikuwa inasema mtu asishuke bondeni."

Sikumuuliza wawili wale walikuwa nani. Aliendelea na pasi. Baadaye nilipita mbele ya maua yake, nikaona mapengo yalikuwa zaidi ya mawili, na nikajilaumu kwa mizaha yangu yote.

Masika ya mwaka wangu wa nane pale, Mama Ndeshi alirudi kutoka kwa Koko akaja moja kwa moja chumbani kwangu, vitenge vimelowa, hajavua hata kilemba.

"Mwalimu, bibi anakwisha," akasema. "Hali chakula. Anaulizia huyu mtu. Anauliza kama bado amefungwa."

"Amefungwa?"

"Anadhani yuko jela. Miaka yote hiyo tumemwambia hajapewa ruhusa. Yeye anajua mtu asiyepewa ruhusa ni mfungwa." Aliketi kitandani kwangu. "Wewe una taipureta pale shuleni. Na unajua maneno yao. Mwandikie ruhusa."

Nilikataa. Nilisema ni kosa, naweza kupoteza kazi. Mama Ndeshi hakubishana. Alikaa tu pale, maji yakidondoka kwenye sakafu yangu, mpaka nikasema sawa.

Niliandika Jumamosi, shule ikiwa tupu. Nilijiona bingwa. Miaka minane nimesikia ngazi zote za jeshi, nazijua kuliko sala ya jioni. Nikachapa vizuri, kwa lugha kavu: umeruhusiwa siku saba, kuanzia utakapopokea barua hii. Muhuri nikauchonga kwenye kiazi, ujanja niliojifunza kwa kuwanyang'anya wanafunzi. Nikafika mahali pa sahihi, nikafikiri. Barua yangu mwenyewe ya kuomba uhamisho kwenda Moshi, aliko mume wangu, ilikuwa imekwama miaka mitano, ikipita kwa huyu, ikipita kwa yule. Sisi raia tunajua dawa ya barua iliyokwama. Unamtafuta mkubwa zaidi. Nikachapa: Brigedia. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Barua ilimfikia Jumatano, kwa sanduku la posta la kanisa. Nilikuwepo sebuleni, najifanya naazima chumvi. Alisimama kuisoma. Akaisoma tena. Nikadhani ni furaha. Mama Ndeshi alikuwa ameshaushusha mkoba ukutani.

"Mwalimu," Afande akasema polepole, bila kunitazama. "Brigedia hamwandikii sajenti."

Mama Ndeshi aliurudisha mkoba ukutani.

"Brigedia anamwandikia mkuu wa kikosi. Mkuu wa kikosi anamwandikia kombania. Mimi naandikiwa na kombania." Aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akatoka kwenda kumwagilia maua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Alhamisi asubuhi nilikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wangu. Niliitambua. Uso ukaniwaka moto. Nikajua amenirudishia aibu yangu bila kunitaja, kwa adabu yake, na adabu ile iliniuma kuliko angenifokea. Sikuifungua. Jiko lilikuwa linawaka, uji wa asubuhi juu yake. Nikaisukuma bahasha katikati ya makaa, nikasimama pale mpaka ikaisha. Mama Ndeshi akauliza kutoka uani kuna nini kinachoungua. Nikasema karatasi za shule.

Baada ya hapo nilimkwepa. Niliingilia mlango wa nyuma, nikatoka mapema kabla hajafungua dirisha. Niliona mkoba hauning'inii tena ukutani, uko chini, pembeni mwa kizingiti cha mbele, nikadhani ni ukaguzi wake. Niliona pia kwamba kila nilipotoka shule mchana alikuwa barazani, shati la kanisani, amekaa wima, na nilipompita harakaharaka na shikamoo yangu ya kuibia aliitikia marahaba, kisha akanyamaza kama mtu anayengoja sentensi iishe. Nilijiambia ananihukumu. Nikapandwa na hasira, ndiyo, nilimkasirikia. Niliona ni mkaidi, ni jiwe, mama yake anakufa na yeye anakagua nani ameandika kwa nani. Nilimwambia Mama Ndeshi mume wake hana moyo. Mama Ndeshi akanitazama, akasema, "Moyo anao. Hana wa kumruhusu tu."

Habari ya Koko ililetwa Jumanne asubuhi na kijana wa kanisa aliyepanda basi la kwanza. Afande alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na mkoba, akamwambia mkewe avae. Ndeshi akamuuliza kwa woga, "Baba, na ruhusa?"

"Msibani unakwenda, unaarifu baadaye," akasema. "Kuuguza ndiko kunakoombwa."

Nilimwona akipita kwenye maua yake bila kuyatazama, kandambili mguuni, mkewe nyuma yake. Aliuona mlima ule upande uliopasuka kwa mara ya kwanza tangu avue sare, na aliuona akiwa na jeneza. Siku ya tatu alikuwa amerudi, mkoba ukutani. Barua ya kuarifu aliniletea niikague. Haikuwa na kosa.

Sikukaa sana baada ya hapo. Uhamisho wangu ulitoka, na sitasema kwa njia gani, ila haukupita kwa mtu yeyote wa ngazi ya chini. Nikaenda Moshi kwa mume wangu. Watu wa Sakina nilisikia habari zao kwa mbali: Ndeshi ameolewa, Mama Ndeshi anasumbuliwa na magoti, Afande yupo.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Ngaramtoni kwenye kipaimara cha mtoto wa mwalimu mwenzangu. Ilikuwa siku ya soko. Nilimwona kwa mgongo kwanza, kwa jinsi shati lilivyonyooka. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, kama wazee wengine wanavyofanya, lakini alisimama wima mbele ya mama muuza mbegu, akiuliza za maua ya njano.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, Mwalimu." Hakushangaa hata kidogo. "Uliambatishwa kwa muda mrefu, ukaondoka."

Nilicheka, na kwa mara ya kwanza naye akacheka. Tulikwenda kukaa kwenye benchi la mama ntilie, tukaagiza chai. Nilimuuliza juu ya magoti ya Mama Ndeshi. Aliniuliza juu ya wanafunzi wangu. Nilimuuliza kama barua zake zimewahi kujibiwa, akatikisa kichwa, taratibu, kama nimemuuliza habari za mvua. Kisha akakizungusha kikombe chake mezani mara mbili.

"Jambo moja nimekuwa nikitaka kukuuliza," akasema. "Kwa nini hukuiandika upya?"

"Kuandika upya nini?"

"Ile barua. Nilikurudishia. Nilikuwa nimekusahihishia kwa penseli." Aliandika hewani kwa kidole, mstari mmoja. "Nilikata brigedia. Nikaweka kapteni wa kombania, na jina lake nikakuandikia pembeni, ili usibuni. Muhuri wako ulikuwa wa kiazi, lakini muhuri si kitu, mihuri mingi ni mibaya. Ulikuwa ubadilishe mstari mmoja tu."

Chai ilikuwa mbele yangu na sikuweza kuigusa. "Lakini ulijua ni mimi niliyeandika," nikasema. "Hata ningeiandika upya, ungejua."

"Ningejua. Askari hahitaji kuiamini barua, Mwalimu. Anahitaji kuwa nayo." Alitazama soko. "Nilikungoja siku kumi na mbili. Mkoba nilikuwa nimeuweka mlangoni. Kila ukitoka shule nasema leo ataileta."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema bahasha sikuiona, ilipotelea chini ya kitanda. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja na sikuwa na ustadi.

"Niliichoma," nikamwambia. "Sikuifungua. Nilidhani unanirudishia kwa kunidharau. Niliichoma kwenye jiko asubuhi ile ile."

Mama ntilie alikuja akafuta meza, akainua kikombe chake, akafuta chini yake, akakirudisha. Nilikuwa nafikiria watoto wote niliowasimamisha mbele ya darasa.

"Basi haikufika," Afande akasema mwishowe. Alisema vile vile alivyozoea kusema juu ya barua zake. "Barua hazifiki, Mwalimu. Si ya kwako tu."

Kisha akatazama saa. Akasema ni saa tisa kasoro, akianza sasa atakuwa Sakina kabla ya saa kumi na moja. Nilimwambia magari yamejaa barabarani, nitamlipia. Akasema gari huharibika. Akakunja pakiti ya mbegu mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akasimama.

Nilisimama naye. Nikamwamkia mara ya pili. Akaitikia marahaba, akashika njia ya Sakina.